Matanga ya Muzee wa Ghorofa Mbili

Tangu nirudi, watu wananisimamisha njiani hapa Majengo, Goma, wananishika mkono kwa mikono yao miwili, wananiuliza kama nilimzika vizuri. Wa kwanza niliwaeleza yote. Waliofuata niliwaeleza kwa kifupi. Siku hizi nainamisha kichwa, nasema "aksanti," napita. Ninyi rafiki zangu mlioniuliza kwa nia njema nawaandikia mara moja, mpitishiane, na atakayecheka asome kwanza mpaka chini.

Papa Gaspard hakufa. Natanguliza hilo ili asiwepo wa kunipa pole katikati ya hadithi. Ni mzima na anakula kuliko mimi.

Majengo, kabla ya kutoka

Papa Gaspard ni mdogo wa marehemu baba yangu. Aliondoka Masisi akiwa kijana, akaenda kusoma Ufaransa, akabaki huko na kuwa dereva wa treni za pembeni ya Paris, zile zinazopeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Ana binti mmoja, Clarisse. Amezaliwa kule, na Kiswahili chake ni kile alichofundishwa na baba yake mezani, yaani Kiswahili cha chakula na cha treni.

Clarisse ndiye aliyetuma vocal, ujumbe wa sauti, kwenye simu ya shangazi Vumilia, mdogo wake Papa Gaspard. Shangazi aliicheza katikati ya kiwanja, sote tumekaa:

"Jambo ya kwetu. Muzee amemaliza. Tarehe makumi mbili ya mwezi wa tano tutamusindikiza, kisha batamukata na moto. Tunaomba mutu moja wa Goma akuwe pale. Njo ombi moja tu."

Kwetu, mtoto akisema "muzee" anasema baba yake. Na muzee akimaliza, amemaliza. Shangazi aliachia simu, akaweka mikono kichwani, na kabla hatujaicheza vocal mara ya pili majirani walikuwa wameshaingia na viti vyao.

"Batamukata na moto," shangazi akasema. "Gaspard. Kaka yangu. Kama chuma ya zamani."

Tulielewa kila kitu. Wazungu wanachoma wafu, hilo tulikuwa tunalijua. Basi lazima mtu aende akamrudishe, au angalau asimame kwenye mlango wa huo moto aseme hapana. Walinichagua mimi kwa sababu nauza viatu vya balo, vya mitumba, sokoni, na sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza.

"Bahati aende," shangazi akakata shauri. "Hata moto atapatana nayo."

Namba ya Papa Gaspard sote tulikuwa nayo. Hakuna aliyeipiga. Nani anampigia marehemu simu? Nilimpigia Clarisse, siku ambayo réseau, mtandao wa simu, ilikuwa inakuja na kwenda kama mgeni asiyejua pa kukaa.

"Pole sana, dada."

"Merci, kaka. Ni ngumu. Alitumika miaka mingi."

"Sasa amelala wapi?"

"Ku dépôt. Bamemuweka peke yake, nyuma kabisa."

"Iko baridi?"

"Baridi sana. Nani atakuya?"

"Mimi."

"Oh, kaka, atafurahi."

Hapo laini ikakatika, nami nikajiambia huzuni imemchanganya dada yangu. Kwamba tarehe ilikuwa bado wiki kadhaa mbele, shangazi alikuwa na jibu: "Kule hata bale bamekufa banapanga foleni."

Mnanijua. Viatu navihesabu kwa jozi, kisha navihesabu tena kwa mguu mmoja mmoja, kwa sababu kuna watu wanauza kushoto mbili. Chenji naihesabu mbele ya mteja na tena nyuma yake. Neno hili moja sikuliuliza hata mara moja. Kwenye matanga hakuna anayeuliza kama mtu amekufa kweli. Ukiuliza utaonekana wewe ndiye uliyemroga, au unataka viti vyako virudi.

Kabla ya kutoka nilipita kwa seremala wa Munigi kupatana sanduku, mwili ukifika usikute tunakimbizana na mbao. Tulibishana asubuhi nzima. Mwisho nikamwambia marehemu alikuwa mfupi. Hakuwa mfupi. Seremala akapunguza, nikaondoka nikijisifu. Kisha nikapanda pikipiki mpaka Kibati, nikachota udongo mweusi kwenye mfuko, ili wakikataa kutupa mwili, walau nimmwagie udongo wa kwetu.

Barrière mpaka Kigali

Viza, mwaliko na tiketi naviruka. Karatasi zote zinafanana. Uwanja wetu wa ndege mnajua umefungwa, kwa hiyo nilipita kwa miguu kwenye barrière ya mpaka wa Rwanda, nimevaa suti nyeusi ya kutoka balo la jirani yangu. Suti yenyewe ilikuwa inarudi kwao Ulaya.

Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia mama aliyekuwa mbele yangu, taratibu, "Niko na musiba." Akasogea. Wa mbele yake akasogea pia. Nilifika dirishani kabla ya watu waliosimama hapo kwa uvumilivu tangu alfajiri, na nikajua nimeshika neno lenye nguvu kuliko pesa.

Upande wa pili, askari wa forodha alishika mfuko wa udongo.

"Hii nini?"

"Udongo ya kaburi."

Alivua kofia. Akanipa pole kwa heshima kabisa. Kisha akasema mfuko wa plastiki hauingii Rwanda, hata wa marehemu. Nilijaribu kupatana. Nilisema nitaukunja. Nilisema nitaurudisha. Mwisho nilikaa kwenye ukingo wa barabara, nikavua soksi ya kulia, nikamimina Kibati yote ndani na kufunga fundo. Ndiyo maana nilifika Ulaya na soksi moja.

Kwenye basi nililitumia tena lile neno, na mzee mmoja akanipisha kiti cha dirishani. Nilisinzia vizuri, milima ikipita. Tulipofika Kigali nilimwona akishuka: anashika mlango kwa mikono miwili, mguu mmoja haukunji. Alikuwa amesimama nusu ya njia. Akanigeukia, akasema, "Mungu akutie nguvu, mwanangu." Nikasema amina. Ningesema nini?

Addis, ambako ndege ilikataa kuondoka

Ndege ya kwanza ilifika Addis. Ya pili ilikuwa pale uwanjani, tunaiona, lakini kila wakitutangazia saa, saa ile inapita na tangazo jingine linakuja. Karibu yangu alikaa Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo anayekwenda kufuata vitenge. Alifungua kapu, akatoa kwanga ya muhogo na samaki wa kukaanga aliyefungwa kwenye majani, akanikatia nusu kabla hajaniuliza jina. Niliposema nina msiba, akanikatia na ile nusu nyingine.

"Alikuwa mutu wa namna gani, huyo papa yako?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo. Nilijua alikuwa dereva. Nilijua alicheka kwa sauti kubwa, kwa sababu alipopiga simu nilikuwa naweka haut-parleur, sauti ya nje, naiacha juu ya meza ya viatu, naendelea na wateja. Nilijua balo zangu mbili za kwanza ni yeye aliyezituma. Baada ya hapo nikajikuta nahesabu tena vilevile vitatu.

"Alikuwa mutu muzuri," nikasema.

Mama Kavira alinitazama, anatafuna polepole. "Kila mufu ni mutu muzuri. Mimi nauliza huyu."

Hakunisukuma, alitoa rozari akaanza, na Wakongo waliokuwa karibu wakaitikia, kisha Warundi, na bibi mmoja wa Kihabeshi ambaye hakujua neno hata moja alisimama nasi akajifanyia ishara ya msalaba kwa namna yake. Mhudumu wa ndege alisikia kuna mfiwa, akaniletea kuponi ya chakula kabla ya wengine. Nilikula wali na nyama mbele ya watoto wenye njaa, nikiwa nimeshiba samaki wa mtu. Kama mnataka kujua aibu yangu ilianzia wapi, ilianzia kwenye wali ule, ila wakati ule nilidhani ni tumbo.

Kutoka uwanjani mpaka mlango wa Papa Gaspard

Clarisse alikuwa kazini, alinitumia tu jina la gare, yaani kituo cha treni, na namba ya jengo. Kwenye treni nilimuuliza njia kijana wa Mali, naye akaniuliza nakwenda kwa nani. Mnajua nilichojibu. Gare yake ilipofika hakushuka. Alinifuata mpaka yangu, akabeba sanduku langu mpaka chini ya jengo, akaniambia kwa Kifaransa kwamba mtu hapeleki kilio peke yake. Ningemwona leo ningemficha uso.

Sasa, kwetu mfiwa haingii kimya. Unaanza kulia getini ili walio ndani wajue unayekuja ni wa damu. Jengo halikuwa na geti, nikaanzia kwenye ngazi. Nilipanda nikilia, "Papa Gaspard, umetuachia nani," milango ya majirani ikifunguka na kufungwa. Ghorofa ya tatu mlango mmoja ulifunguka ukabaki wazi, na aliyesimama pale ni Papa Gaspard, amevaa aproni, ameshika mwiko.

"Bahati?" akasema. "Unalia nini?"

Kilio kilikwama katikati. Nilimtazama miguu kwanza. Ilikuwa na ndara, na vidole vinacheza.

"Muzee," nikasema. Ndilo neno pekee lililobaki mdomoni.

Uso wake ukabadilika. Aliweka mwiko chini, akanikumbatia, na nikasikia naye analia juu ya suti yangu. "Njo vile, mutoto yangu," akasema. "Muzee anaenda. Na weye umevaa nyeusi. Nilimuambia Clarisse: hata moja wa kwetu ataelewa."

Nyuma yake ukutani kulikuwa na picha kubwa kwenye fremu, mahali ambapo kwetu tungeweka picha ya harusi. Ilikuwa picha ya treni, ghorofa mbili, uso wa bapa, madirisha juu na madirisha chini. Chini yake kulikuwa kumeandikwa kwa mkono: MUZEE.

Mezani

Alikuwa amepika fufu, sombe ya majani ya muhogo na sambaza za kopo, vidagaa vya ziwa letu, alizotafuta mji mzima kwa ajili yangu. Clarisse alifika amevaa gauni la njano, akanibusu, akakaa. Nilikula nimeinamia sahani, wao wakadhani nimechoka na safari. Kila tonge nililomeza nililisindikiza na hesabu: nimwambie sasa, nimwambie baada ya chai, nimwambie kesho. Na Papa Gaspard alikuwa anasimulia.

Alisema alipoanza kazi, yeye na treni ile walikuwa wapya pamoja. Mitaa ya pembeni ilikuwa imejaa watu. Treni nyingine zisingeingia kwenye njia, na quai, majukwaa ya kupandia, zisingerefushwa kwa sababu nyumba zilikuwa zimezibana pande zote. Wakasema basi tupande juu.

"Lakini juu kuna waya na madaraja," akasema, anapanga vikombe kunionyesha. "Sasa wakafanya nini? Wakashusha sakafu katikati ya magurudumu. Mutu anaingia, anachagua: ngazi ya chini ao ngazi ya juu. Nyumba ya étage inayotembea. Pale Goma mutu akiwa na étage anaheshimiwa. Mimi niliendesha étage nane zimefungana."

Mwanzo viti vilikuwa vya ngozi ya bandia, rangi ya chungwa. Wakaja kuvivisha kitambaa cha buluu. Rangi ya nje waliibadilisha pia. Na Muzee alikula umeme wa aina mbili: upande mmoja wa mji waya una umeme wa namna moja, upande wa pili namna nyingine, na katikati kuna kipande kisicho na umeme kabisa. Dereva anazima, taa zinafifia, treni inakwenda kwa mwendo wake yenyewe mpaka ng'ambo, kisha anawasha.

"Ukifika hapo polepole, unakwama," akasema. "Lazima ufike na mwendo wako."

"Kwetu tunaishi kwenye hicho kipande," nikasema, na akacheka kile kicheko cha haut-parleur. Mara ya kwanza nakisikia bila mteja pembeni.

Mama yake Clarisse, marehemu Odile, Papa Gaspard alimwona kwanza kwenye kioo cha pembeni, anakimbia kwenye quai na viatu mkononi. Akachelewa makusudi kufunga mlango. "Muzee alinipatia bibi. Nilimuzoea kuliko nyumba. Clarisse alipokuwa mudogo kila jioni aliniuliza: Muzee analala wapi leo?" Sasa watu wanataka milango mipana na hewa baridi, na ngazi zinachelewesha kushuka. Kwa hiyo Muzee anatoka, na yeye anastaafu siku hiyo hiyo. Siku yenyewe ilikuwa kesho yake. Mafundi watamkata kwa moto wa gesi, chuma kiyeyushwe.

"Sikuomba zawadi," akasema. "Niliomba mutu moja wa kwetu aone kazi niliyofanya. Moja tu. Na umekuya."

Clarisse alikuwa anafungua sanduku langu apange nguo. Akanyanyua soksi. "Kaka, hii ni nini?"

"Udongo ya Kibati," nikasema.

Papa Gaspard aliipokea kwa viganja viwili kama hostia. "Muliwaza hata hii," akasema. Na mimi, Bahati, niliyemwambia seremala wa Munigi ukweli wa uongo asubuhi nzima bila kupepesa, nikashindwa kumwambia mzee wangu ukweli wa kweli. Nikaomba sambaza nyingine.

Safari ya mwisho ya Muzee

Kwenye gare kulikuwa na umati: wastaafu, watoto mabegani, wanaume wazima wenye kamera wanaofuatia treni kama wenzetu wanavyofuatia timu. Papa Gaspard aliendesha kipande cha kwenda. Aliniambia nikae chini kwanza, kisha nikae juu, nisiseme nimemjua Muzee kwa ghorofa moja.

Chini, dirisha liko sawa na quai. Unaona viatu tu. Nilikaa pale nikavipima, ngozi, ngozi, turubai, kisigino kimeliwa, na kwa dakika chache nikawa mtu mwenye furaha. Kisha nikawaza kwamba Papa Gaspard aliwabeba wenye viatu hivi maisha yake yote, na mimi nilichochukua kwake ni viatu tu.

Mwisho wa njia kijana anayefanya naye kazi alichukua usukani wa kurudi, akamwambia mzee aende akakae kama abiria. Papa Gaspard akaja juu, amevua koti la kazi, shati jeupe, akakaa kando yangu. Treni ikaondoka. Juu unapita sawa na mapaa ya nyumba, na mabomba ya moshi, na nguo zilizoanikwa.

"Nipatie Vumilia," akasema. "Aone."

"Réseau ya Majengo ni mubaya, papa."

"Nitajaribu."

Nilitaja bei ya unité za kupiga simu, nikataja mvua, nikataja kwamba shangazi analala mchana. Alikuwa ameshapiga, na kwa picha. Na réseau, ambayo haijawahi kunisaidia siku ya shida, siku hiyo ilikuwa safi kama kioo.

Shangazi Vumilia alionekana amefunga kitenge cheusi kichwani. Alimtazama kaka yake: shati jeupe, uso umetulia, na nyuma yake mapaa ya nyumba yanapita chini yake bila kelele.

"Gaspard," akanong'ona. "Umefika?"

"Wapi?"

"Kule."

"Bado. Tuko njiani. Kuko retard, tumechelewa kidogo."

Shangazi akajifanyia ishara ya msalaba. "Na papa yetu, umemuona?"

"Vumilia, unasema nini? Sogeza simu, uso yako ni giza."

Akasogeza. Nyuma yake tukaona bâche, turubai la matanga, iliyofungwa kwenye miti, viti vimepangwa, wanawake na sufuria, na mezani mshumaa pembeni ya picha yenye utepe mweusi. Picha ya kijana mwenye afro. Papa Gaspard aliisogeza simu karibu na miwani.

"Ni nani amekufa?" akauliza.

"Weye," shangazi akasema, akaanza kulia tena, lakini kwa sauti nyingine.

Kilichofuata pale Majengo, waliokuwa chini ya bâche wanakijua kuliko mimi. Huku juu Papa Gaspard alizima simu, akaiweka gotini. Alitazama suti yangu nyeusi, kutoka kola mpaka mguu usio na soksi. Alikuwa anaisoma upya.

"Ile udongo," akasema. "Haikuwa ya Muzee."

"Hapana, papa."

"Ilikuwa yangu."

Taa zikafifia. Tulikuwa tumefika kwenye kile kipande kisicho na umeme. Treni nzima ikanyamaza, inateleza tu.

"Ku ndoa ya Clarisse nilipanga meza mbili za kwetu," akasema. "Viti vilibaki. Niliambia wageni ndege imechelewa. Weye ulisema nini siku ile?"

"Nilisema ni musimu ya viatu vya masomo."

"Odile akifa, mulituma vocal." Hakusema kwa ukali, ningependelea ukali. "Mimi nikifa, umepata nafasi."

Taa zikarudi. Nilisema samahani, mara moja, kisha tena, na mara zote mbili ilitoka nyepesi. Nikamweleza yote kwa mpango, foleni ya barrière, mzee wa mguu, wali wa Addis, kijana wa Mali. Nilimwambia nilitumia kifo chake kama punguzo njia nzima. Alisikiliza anatazama mapaa.

"Na sanduku ya kunizika? Ulishapatana?"

"Ndiyo, papa."

"Urefu yangu unaijua? Mbao gani?"

"Mbao nzuri. Lakini nilimwambia seremala weye ni mufupi. Apunguze."

Alinigeukia. Papa Gaspard, akisimama kwenye ghorofa ile ya juu, kichwa kinagusa dari. "Basi mungenilaza miguu imekunjwa," akasema, na kicheko kilianza kutoka, kikaishia njiani. Akafuta miwani kwa muda mrefu. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua: "Ku matanga, Vumilia alisema nini juu yangu?"

Nilimwambia. Shangazi alisimama chini ya bâche akasema huyu ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka mto kwenda shule kule Masisi, kila siku, mpaka miguu yake ikawa mirefu inagusa maji, na bado hakumshusha.

"Rudilia," akasema.

Nikarudia. Nilimpa na maneno ya wengine, wale waliosema alikuwa mkarimu, wale waliosema hakusahau, na hakuna nililoongeza, nawaapia. Treni ikaanza kupunguza mwendo.

"Simu yangu iliwaka miaka yote," akasema. "Hayo maneno yote yangeingia."

Dépôt, na kurudi

Kwenye dépôt, pale treni zinapolala, walimweka Muzee njia ya nyuma kabisa, wakashusha mkono wake wa juu unaoshika waya. Papa Gaspard alifungua soksi. Nusu ya Kibati aliimwaga kwenye reli, mbele ya gurudumu la kwanza. Nusu alifunga tena. Nyumbani aliimimina kwenye chungu cha baraza, akapanda pilipili.

"Ianze kazi ningali mzima," akasema.

Nilikaa kwake mpaka tarehe ya tiketi. Hatukulizungumza tena. Alinipikia, nilimwoshea vyombo, tulitembea, alinionyesha gare zake moja moja. Siku ya kuondoka alinipa mto wa kiti, kitambaa cha buluu kilichopauka, kutoka kiti alichokalia siku ile, na soksi yangu imefuliwa.

Kwa seremala wa Munigi nilikwenda mwenyewe. Akaniuliza, "Mufu iko wapi?" Nikamwambia anaotesha pilipili. Sanduku lilikuwa tayari, fupi kweli. Nilimlipa yote, pamoja na kile nilichopunguza kwa uongo, nikamwomba azigeuze mbao kuwa kiti. Alidhani naumwa.

Kiti kiko kwenye kiwanja cha shangazi, mto wa buluu juu yake. Hakuna anayekaa. Mtu akisogea shangazi anasema, "Hiyo ni ya Muzee," na mtu anatafuta jiwe la kukalia.

Juzi vocal nyingine imeingia kutoka kwa Clarisse. Shangazi aliicheza sote tumekaa: "Jambo ya kwetu. Muzee anakuya mwezi wa kumi na mbili. Mumupokee ku barrière." Na kabla haijaisha shangazi alishaweka mikono kichwani, na jirani mmoja alikuwa amenyanyuka kufuata viti.

Nikachukua simu. Nikapiga namba ya Papa Gaspard mwenyewe, ile ambayo sote tulikuwa nayo. Iliita kidogo tu.

"Papa," nikasema, "Muzee gani anakuya?"

"Mimi."

"Kwa miguu yako mwenyewe?"

"Kwa miguu yangu, Bahati. Ningali mzima."

Nikamwuliza tena, kama mtu anayehesabu chenji mara ya pili.